Mgeni wa Siku Chache Anapovunja Masharti ya Nyumba
Ukipangisha nyumba kwa siku chache Mikocheni au Kigamboni, mtumie mgeni masharti kwa maandishi kabla hajalipa, yakitaja idadi ya watakaolala, saa ya kuzima muziki na amana itakayokatwa kwa uharibifu. Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni umeme: mgeni huacha kiyoyozi kikinguruma mchana kutwa madirisha yakiwa wazi, uniti za LUKU zikaisha, kisha akakupigia usiku akidai nyingine, kwa hiyo eleza mapema bei inajumuisha uniti ngapi. Piga picha za kila chumba, godoro likiwemo, anapopokea funguo. Akifanya sherehe, mwonye kwa ujumbe wa maandishi badala ya kufoka mlangoni, na akikaidi mwite mjumbe wa serikali ya mtaa awe shahidi unapomtaka aondoke.