SOMO: Sataranji ianzie mwisho – namna ya kujifunza kumaliza mchezo

Wadau wa sataranji wa Tanga, salaam.

Pale kijiweni Ngamiani naliona jambo hili kila wikiendi. Kijana anafungua mchezo kwa miendo aliyoikariri, anamla mwenzake kitunda kimoja kwa ufundi kabisa, kete zinapungua, halafu akibaki na mfalme, ngome na kitunda anaanza kusukuma tu. Sare. Wanapeana mikono, wanapanga upya. Kumbe ule ulikuwa ushindi, na ushindi wenyewe umejulikana kwa karne kadhaa.

Ushauri wangu ni kuanza na mwisho. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, aliufundisha mchezo kwa mtazamo huo, na sababu yake ina mashiko. Kete 32 zikiwa ubaoni hakuna binadamu anayejua kwa hakika nani anashinda. Zikibaki nne au tano, jibu lipo: ni ushindi au ni sare. Anayelijua jibu hilo anajua hata katikati ya mchezo abadilishane kete ipi na aing'ang'anie ipi.

Kwanza tuelewane majina. Nitasema mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda (wengine mnamwita askari). Mistari inasimama, kutoka a hadi h. Safu zinalala, kutoka 1 hadi 8. Kwa hiyo e4 ni chumba cha mstari wa e, safu ya 4. Mweupe anaanzia chini, safu ya 1.

Na asiwepo wa kusema hana seti. Somo hili lote halihitaji zaidi ya kete tano kwa wakati mmoja. Chora vyumba 64 kwenye boksi la katoni, chukua vizibo vya soda kama vile vya drafti, andika herufi juu yake kwa maka peni. Inatosha.

HATUA YA 1: Chekimeti za msingi

Hapa sikai sana. Cheki ni mfalme kushambuliwa; chekimeti ni kushambuliwa bila njia ya kujiokoa, na mchezo umekwisha. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme mtupu: ukicheza sawasawa haizidi miendo 10. Mfalme na ngome: haizidi 16. Maaskofu wawili: 19. Askofu na farasi: 33, na hiyo iacheni kwanza, kwa sababu hutokea mara chache sana. Ila jua kwamba ipo kanuni ya miendo 50: ikipita miendo 50 ya kila upande bila kitunda kusogea wala kete kuliwa, mpinzani ana haki ya kudai sare.

Ya ngome ifanye mpaka mkono uizoee. Ngome inamfungia mfalme wa adui kwenye boksi, mfalme wako anasogea kusaidia, boksi linapungua. Mwisho wake ni huu: mfalme wako e6, wa adui e8, ngome yako inapanda h8. Umemaliza.

HATUA YA 2: Mfalme na kitunda kimoja

Hapa ndipo penye elimu yote, kwa hiyo tukae.

Anza na kanuni ya mraba. Kitunda cheupe kiko h4, mfalme wake yuko mbali, na mfalme mweusi anakikimbiza. Je, atakifikia? Usihesabu kwa vidole. Chora mraba akilini kutoka h4 hadi h8, kisha d8, kisha d4. Ikiwa ni zamu ya Mweusi na mfalme wake anaweza kuingia ndani ya mraba huo, anakikamata. Asipoweza, kitunda kinafika safu ya mwisho na kugeuka malkia.

Kisha kuna kukabiliana. Weka mfalme mweupe e5, kitunda chake e4, mfalme mweusi e7. Wafalme wanatazamana, chumba kimoja kati yao. Anayetakiwa kucheza ndiye mwenye shida. Ikiwa zamu ni ya Mweusi, lazima apishe. Akienda d7, wewe unapita f6, na kitunda kitafika. Ikiwa zamu ni ya Mweupe, ni sare, ila Mweusi ajue kujilinda: Mfalme d5, Mfalme d7, kitunda e5, Mfalme e7, kitunda e6, na sasa mfalme mweusi arudi e8, nyuma moja kwa moja. Mfalme d6, Mfalme d8. Kitunda e7 kwa cheki, Mfalme e8. Mfalme e6, na Mweusi hana pa kwenda wala hajachekiwa. Sare.

Shikeni alama hii: kitunda kikiingia safu ya 7 kwa cheki, mara nyingi ni sare. Kikiingia kimyakimya bila cheki, mara nyingi kimeshinda. Na mfalme wako atangulie mbele ya kitunda, asifuate nyuma. Mfalme e6, kitunda e5, mfalme mweusi e8: hapo unashinda, iwe zamu yako au yake.

Kitunda cha pembeni, mstari wa a au h, kina sheria yake. Mfalme wa adui akiwahi kona kinakogeukia, sahau ushindi.

HATUA YA 3: Simameni kidogo mtazame

Najua wengi mnataka kukimbilia ngome. Subirini. Mwaka 1921 Richard Réti alitunga hali hii: mfalme mweupe h8, kitunda cheupe c6, mfalme mweusi a6, kitunda cheusi h5. Mweupe anaanza na anataka sare.

Ukiipima kwa kanuni ya mraba, Mweupe amekwisha. Kitunda cheusi kimemwacha mbali, na cha kwake mfalme mweusi anakifikia kwa miendo miwili. Sasa tazama: Mfalme g7, kitunda h4. Mfalme f6. Anakimbia kwa ulalo, na kila hatua inamsogeza karibu na vitunda vyote viwili kwa pamoja. Mweusi anaona hatari, anacheza Mfalme b6. Mfalme e5! Mweusi akila c6, Mfalme f4 na yuko ndani ya mraba, kitunda cha h kinakamatwa. Mweusi akisukuma h3 badala yake, Mfalme d6 anakilinda kitunda chake, na wote wawili wanapata malkia. Sare kwa njia zote mbili.

Fanyeni kwa mikono yenu, polepole. Ubaoni, mfalme akienda kwa ulalo kutoka h8 hadi e5 anatumia miendo mitatu, sawasawa na kushuka wima kutoka h8 hadi h5. Kwa rula ulalo ni mrefu zaidi. Kwa mfalme wa sataranji ni sawa. Réti aliliona hilo akalijengea kazi yenye kete nne tu. Mimi sijui hali nzuri kuliko hii kumwonyesha mtu anayeuliza sataranji ina raha gani.

HATUA YA 4: Ngome na kitunda dhidi ya ngome

Miisho ya ngome ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko mingine yote. Jueni hali mbili, moja ya kushinda na moja ya kujiokoa.

Ya kushinda huitwa hali ya Lucena, ingawa kitabu cha Lucena, mwandishi wa Kihispania, cha 1497 hakina hali hiyo. Ilichapishwa na Salvio, mwandishi wa Kiitalia, mwaka 1634. Weka mfalme mweupe d8, kitunda d7, ngome f1. Mfalme mweusi g7, ngome yake c2. Mfalme wako amekwama mbele ya kitunda, na akitoka atapigwa cheki mfululizo. Dawa ni kujenga daraja. Ngome f4! Mweusi asogee, tuseme Ngome c1. Mfalme e7, Ngome e1 cheki. Mfalme d6, Ngome d1 cheki. Mfalme e6, Ngome e1 cheki. Mfalme d5, Ngome d1 cheki. Ngome d4! Ngome yako imeziba, cheki zimekwisha, kitunda kinageuka. Ndiyo sababu ilikwenda safu ya 4 mapema: ilikuwa inamsubiri mfalme.

Ya kujiokoa ni ya Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Wewe ni Mweusi, mfalme wako yuko e8 mbele ya kitunda cheupe, na ngome yako inakaa safu ya 6 ikimzuia mfalme mweupe asipande. Tulia hapo, tembeza ngome kulia na kushoto. Kitunda kikisogea safu ya 6, papo hapo shusha ngome yako mpaka safu ya 1 uanze kupiga cheki kutoka nyuma. Mfalme mweupe hana tena pa kujificha.

HATUA YA 5: Zoezi la kwenda nalo nyumbani

Mfalme mweupe b6, kitunda c6. Mfalme mweusi a1, ngome d5. Mweupe anaanza na anashinda. Mwaka 1895 hali hii ilitolewa kwenye gazeti la Glasgow kama sare, mpaka padri wa Kihispania aliyekuwa akiishi mji huo, Fernando Saavedra, akaona ambacho wengine hawakukiona. Msiulize simu. Nileteeni majibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makorora: Kaka, mimi napigwa kabla ya kufika mwisho. Huu mwisho utanisaidia nini?

Jibu: Utakusaidia mapema kuliko unavyodhani. Chukua mtu mwenye kitunda kimoja zaidi katikati ya mchezo. Asiyejua mwisho anaogopa kubadilishana ngome, anaacha kete zote ubaoni, na humo ndimo anamotegwa. Anayejua anabadilishana, anaingia kwenye mfalme na vitunda, anamaliza. Tenga nusu ya muda wako wa mazoezi kwa mwisho, nusu kwa mitego. Ufunguzi utakuja wenyewe kwa kucheza.

Mama wa Raskazone: Mwalimu, binti yangu ana miaka tisa. Kila akibaki na malkia anaishia sare, analia.

Jibu: Pole yake, mama. Mara nyingi tatizo ni kona. Mfalme wa adui akiwa a8 na malkia wake akatua b6, yule hana pa kwenda na hajachekiwa: sare hapo hapo. Mfundishe kujiuliza swali moja kabla ya kuachia kete: "Akicheza yeye, atakwenda wapi?" Malkia amfungie mfalme kwenye safu ya ukingoni akimwachia vyumba viwili vya kutembelea, halafu mfalme wake asogee taratibu bila haraka. Cheki za ovyo asipige hata moja. Mpe hali hiyo kila jioni, yeye akiwa na malkia, wewe mfalme mtupu. Kisha mbadilishane, akimbie yeye. Watoto hujifunza sana wakiwa upande wa kukimbia.

Mchezaji wa drafti, Deep Sea: Nilikuwa na askofu na kitunda cha h, jamaa ana mfalme tu. Akaniganda kona mpaka sare. Ilikuwaje?

Jibu: Askofu wako alikuwa wa vyumba gani? Chumba cha h8 ni cheusi. Ukiwa Mweupe, na askofu wako anatembea vyumba vyeupe, hawezi kumfukuza mfalme pale h8 hata mkicheza mpaka asubuhi. Ni sare halali, hukukosea kumaliza. Lakini rudi nyuma miendo kadhaa: ulipobakiwa na maaskofu wawili, ulimtoa yupi? Ungembakisha wa vyumba vyeusi, ungeshinda. Hivyo ndivyo kujua mwisho kunavyoamua mambo ya mapema.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Nasikia kompyuta imeshamaliza miisho yote. Kuna haja gani ya sisi kusoma?

Jibu: Marahaba. Ni kweli kwa kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa humo. Majedwali ya kwanza ya kompyuta yenye majibu ya miisho hiyo yalikamilishwa 2012, na kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, unaweza kuona majedwali ya aina hiyo bure. Yale ya 2012 yana hali moja inayohitaji miendo 549 kufika chekimeti. Sasa, jedwali litakuambia Ngome f4 inashinda, lakini halitakuambia kwamba hilo ni daraja. Fikiria kwanza mwenyewe, andika jibu lako kwenye daftari, ndipo ufungue jedwali ulinganishe. Ukifungua kabla, umejinyima somo.

Bodaboda wa Mikanjuni: Zoezi la padri nimelihangaikia kituoni. Kitunda c7, ngome inapiga cheki d6, mfalme b5, cheki d5, mfalme b4, cheki d4, mfalme b3, cheki d3, mfalme c2. Cheki zimekwisha, nageuza malkia. Mbona umesema wengine waliona sare?

Jibu: Ndugu yangu, umefika mbali sana, na umemshusha mfalme vizuri. Angekwenda c5 mapema, ngome ingeshuka d1, na ukigeuza malkia inapiga c1 cheki kisha inamla malkia. Umelikwepa hilo. Lakini baada ya Mfalme c2, Mweusi bado ana mwendo: Ngome d4! Ukigeuza malkia, anacheza Ngome c4 cheki, huna budi kuila kwa malkia, na mfalme wake pale a1 anabaki hana pa kwenda. Sare. Hiyo ndiyo waliyoiona.

Saavedra alikigeuza kitunda kuwa ngome. Tishio ni Ngome a8 na chekimeti. Mweusi ana njia moja tu ya kuzuia, Ngome a4. Sasa Mfalme b3, na mwendo huo mmoja unaishambulia ngome ya a4 na papo hapo unatishia Ngome c1 chekimeti. Mambo mawili kwa mpigo, na Mweusi ana mwendo mmoja.