Ukiumia, jipe robo saa

Mchumba akikuacha, usijikaushe. Mimi nilijaribu: miezi miwili ya kucheka sana kijiweni, usiku macho kwenye neti hadi jogoo awike. Kilichonisaidia ni robo saa kila jioni, nimekaa kwenye ngazi ya uani, simu iko ndani. Nataja kinachouma kwa jina lake. Si “msongo”, ni aibu, maana kadi za mchango zilishagawiwa. Muda ukiisha, naenda kumenya vitunguu (hapo machozi hayaulizwi). Wiki ya kwanza huuma zaidi, usishtuke. Baadaye nikagundua hasira nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe: dalili niliziona tangu Ramadhani, nikanyamaza. Siku hizi nikiona jambo, nauliza palepale.