Anza hivyohivyo huku unatetemeka
Jamani kama kuna kitu Mungu amekuwekea moyoni na unaogopa kuanza, usisubiri hofu iishe kwanza. Cherehani yangu ilikaa kwenye kona imefunikwa khanga miaka 2, kila siku naomba niondolewe woga halafu siigusi, eti watu watanicheka.

Siku moja nikasoma Waamuzi 6 kwenye Biblia, Gideoni anapepeta ngano kwa kujificha ili Wamidiani, maadui wa Israeli, wasimuone, na malaika anamwita shujaa! Nilicheka mwenyewe, shujaa gani huyo. Ila mstari wa 27 ndo ulinishika, kaambiwa abomoe madhabahu ya Baali, yule mungu wa uongo, akaogopa ndugu zake na watu wa mjini, basi akaenda usiku na watumishi 10, na sioni popote Mungu akimgombeza kwa kwenda usiku. Madhabahu ilianguka vilevile.

So na wewe tafuta usiku wako. Kwenye maombi itaje hofu yenyewe, sio "Bwana niondolee hofu" tu, mimi nilisema naogopa kuharibu kitambaa cha mtu. Alafu siku hiyohiyo fanya kitu kidogo ambacho hakuna anayekuangalia. Nilianza na sketi ya shule ya mtoto wa dada, saa 4 usiku, mkono unatetemeka mpaka uzi haupiti kwenye tundu la sindano, pindo nalo likaenda upande. Akaivaa hivyohivyo Jumatatu, na jioni mama jirani akagonga ana kitambaa mkononi.