TFC ya saikolojia: kisa cha mtu mmoja na maandishi ya chukudu, hatua kwa hatua

Jambo jamani. Kila mwaka TFC (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo ya chuo) zikikaribia, wanafunzi wananijia mimi asistanti wao na swali ile ile, eti asistanti, muda ni kidogo na pesa ni kidogo, nifuate kisa cha mtu mmoja ao nichambue maandishi? Najua mtu anatafuta ya rahisi. Rahisi hakuna, ila zote mbili zinawezekana hapa Goma na kaye (daftari), biki na simu. Mfano wangu utakuwa maandishi ya chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) na ya pikipiki, juu zinapita mbele ya mlango wangu kutwa nzima na karibu kila moja imeandikwa kitu.

Hatua ya 1. Kisa chako ni kisa cha nini?
Tuseme kuko baba anasukuma chukudu kutoka Kibumba, nyumba yake ililiwa na lava ya volkano Nyiragongo mwezi wa 5 mwaka 2021, na mpaka leo udongo ukitikisika kidogo tu anaamusha watoto wote anawatoa inje. Ni kisa cha woga unaobaki kisha janga, ao cha baba anayelinda watoto wake vizuri? Ukishindwa kuandika jibu kwa sentensi moja, usiende kumsumbua bado.

Wakikuambia mtu mmoja hatoshi, uwakumbushe Henry Molaison wa Marekani. Alipasuliwa ubongo mwaka 1953 juu ya kifafa, kisha hapo hakuweza tena kushika habari mpya. Mtafiti wa saikolojia Brenda Milner akamuchoresha nyota huku akiangalia mkono wake kwa kioo tu, siku tatu mfululizo, mkono ukazidi kuzoea na mwenyewe hakukumbuka kama alishawahi kufanya hiyo kazi. Mtu mmoja akatosha kuonyesha kumbukumbu haiko ya aina moja. Lakini kisa hakiwezi kukuambia ni watu wangapi wako hivyo, hapo usijaribu hata.

Hatua ya 2. Sikiliza zaidi ya mdomo mmoja
Ongea naye, mwangalie akiwa kazini, kisha uulize mtu wa kwake, na yeye akiwa amekubali. Akisema "mimi siogopi kitu" na bibi yake anasema analala na viatu, andika yote mawili, usichague ile inapendeza direkteri, mwalimu anayekuongoza. Na jina, kulibadilisha hakutoshi: ukiandika "baba wa mapacha mwenye chukudu ya bluu", kartie nzima imeshamjua.

Hatua ya 3. Upande wa maandishi: unahesabu nini?
Chukudu moja inaweza kuwa na sentensi tatu. Ni moja ao ni tatu? Amua mbele ya kutoka nyumbani. Kisha chagua kona, simama pale asubuhi na mangaribi, siku tofauti, uandike kila ya tano inayopita, hata kama ya sita ndiyo inachekesha (na itakuwa ya sita, siku zote).

Hatua ya 4. Andika kanuni za alama
Alama ni jina la kundi unalotia kwa kila sentensi, kama "imani". Wengine wanaita hizi alama "kodi", mimi nimekataa, juu mama mwenye nyumba akisikia kodi anaitika. Mimi mwenyewe niliweka "Mungu anajua" kwa kundi la imani bila kufikiri, rafiki yangu wa pikipiki akacheka sana, eti asistanti, ile ni ya kutisha jirani. Alikuwa na haki. Basi kanuni ikawa: kama hakuna adui ndani ya maneno yenyewe, ni imani, hata kama sisi wote tunajua adui ni nani.

Hatua ya 5. Tafuta mtu wa pili, kisha pigeni hesabu
Hapa ndipo wengi wanaanguka mbele ya jiri, wale walimu wanaopima TFC. Mupe mwenzako kanuni zako na sentensi 50, kila mtu atie alama peke yake, bila kuchunguliana. Tuseme wote wawili mmesema "imani" mara 24, wote "hapana" mara 18, wewe peke yako "imani" 5, yeye peke yake 3. Mmepatana 42 kwa 50, ni 0.84. Usifurahi bado, juu hata watu wawili wanaotia alama kwa kubahatisha wanapatana mara mingine. Wewe ulisema "imani" 29 na "hapana" 21, yeye 27 na 23: zidisha 29 kwa 27, ongeza 21 mara 23, gawa kwa 2500, unapata karibu 0.506. Sasa toa hiyo kwa 0.84, gawa na kile kinabaki ukitoa 0.506 kwa 1. Inatoka karibu 0.68. Hiyo ndiyo kappa ya Cohen, kipimo cha mapatano kisicho cha bahati, ya mwaka 1960, na wengi wanasema kati ya 0.61 na 0.80 ni mapatano mazuri.

Ikitoka 0.40 usimgombeze mwenzako, kanuni ndiyo mbaya. Kaeni na zile mlizokosana, moja moja, rekebisheni, kisha mjaribu tena na sentensi 50 zingine, juu zile za kwanza mmeshazijua kwa kichwa.