Ganzi yenye adrenalini puani: namna ya kuulinda mdundo wa moyo

Kwenye upasuaji wa pua, kinachovuruga moyo mara nyingi si lignokeini (dawa ya ganzi) bali adrenalini iliyo ndani yake ya kubana mishipa ya damu, iliyopimwa vibaya au iliyoingia moja kwa moja kwenye mshipa.

Hesabu kwanza. Adrenalini ya 1:100,000 (gramu 1 katika mililita 100,000) ni mikrogramu 10 kwa mililita. 1:200,000 ni 5. Ukichanganya mwenyewe, lignokeini 1% mililita 10 hutiwa mililita 0.1 tu ya adrenalini ya 1:1000. Tumia bomba la insulini la yuniti 100: unavuta hadi mstari wa 10, basi. Ukitia ampuli nzima ya mililita 1, adrenalini imezidi karibu mara 10, na bomba likishajazwa halikwambii chochote, maana dawa zote mbili ni maji meupe.

Kikomo cha lignokeini yenye adrenalini ni miligramu 7 kwa kilo, yaani 420 kwa mtu wa kilo 60. Mililita 8 za 1% zina 80 pekee, kwa hiyo usihangaike sana na upande huo.

Hangaika na bakuli la adrenalini ya 1:1000 la kulowekea pamba ya kuweka puani. Vuta dawa ya kuchoma na uibandike lebo kabla bakuli halijafika mezani. Bakuli litiwe rangi ya fluoreseini ili lisichanganywe na dawa ya kuchoma, na sindano isikae karibu nalo. Kamua pamba kabla ya kuiingiza puani.

Muulize mtaalamu wa usingizi anatumia gesi gani. Halotheni huufanya moyo ushtuke upesi kwa adrenalini: usizidishe mililita 10 za 1:100,000 ndani ya dakika 10, wala 30 kwa saa. Isoflureni na sevoflureni zina nafuu kubwa.

Vuta nyuma uone kama damu inarudi, choma kidogo kidogo huku ukisikiliza mlio wa monita, kisha subiri dakika 10 kabla ya kukata.

Mapigo ya ziada yakianza, acha kuchoma, toa pamba, toa oksijeni 100% na uhakikishe kaboni dayoksaidi haijapanda. Halotheni ipunguzwe au ibadilishwe. Mara nyingi mdundo hutulia ndani ya dakika chache.

Presha ikiruka, usikimbilie propranololi wala labetaloli, dawa za kupunguza nguvu ya moyo. Mishipa bado imebanwa na adrenalini; moyo uliopunguziwa nguvu hushindwa kusukuma, na mapafu hujaa maji. Ongeza kina cha usingizi, na ikibidi toa dawa ya kulegeza mishipa.