Zao la nukta: jinsi ya kuliona kabla ya kulihesabu

Mashua inatoka Lamu mjini kwenda Shela, na mkondo unapita mshazari: hautoki tezi, yaani nyuma ya chombo, sawasawa, wala haupigi ubavu sawasawa. Kujua kasi ya mkondo peke yake hakumtoshi nahodha. Anachotaka kujua ni kiasi gani cha kasi hiyo kinamsogeza kule anakokwenda. Swali hilo ndilo zao la nukta. Una mishale miwili, yaani vekta mbili, na unauliza mmoja una kiasi gani katika upande wa mwenziwe. Jibu ni nambari moja, isiyo na mwelekeo.

Wanafunzi hupewa kanuni mbili. Ya kwanza ni a·b = |a| × |b| × kosaini ya pembe iliyo kati yao, ambapo |a| ni urefu wa mshale a, na kosaini ni nambari inayoonyesha ni sehemu gani ya urefu wa mshale iliyo katika upande wa mwenziwe. Ya pili ni a·b = a₁b₁ + a₂b₂, yaani zidisha sehemu za mashariki, zidisha sehemu za kaskazini, kisha jumlisha. Wengi huzihifadhi zote mbili na kufaulu mtihani bila kuona kwa nini hesabu zisizofanana hata kidogo zitoe jibu moja. Tutakaa zaidi hapo, kwa sababu ukishaliona hilo mengine yote yanafuata. (Nambari za bahari zilizomo humu zimechaguliwa ili hesabu itoke safi. Usisafirie.)

Anza na karatasi ya miraba

Usianze na kosaini. Tafuta karatasi ya miraba, rula, protrakta na kitabu chenye kona safi. Chora mihimili miwili, mashariki iwe kulia na kaskazini iwe juu, sentimita 1 kwa kila kipimo. Kutoka pale mihimili inapokutana chora mshale a: hatua 4 kulia, 3 juu. Upime, utapata sentimita 5 kamili. Kutoka hapo hapo chora mshale b: 6 kulia, 2 juu. Huu una sentimita 6.3 na kitu.

Sasa urefushe mstari wa a kwa penseli hafifu, upite ncha yake. Laza ukingo mmoja wa kitabu juu ya mstari huo, ukitelezeshe kitabu mpaka ukingo wake wa pili uguse ncha ya b, kisha chora mstari kutoka ncha hiyo hadi kwenye mstari wa a. Mstari huo mfupi utakuwa na sentimita 2, nao utatua sentimita 6 kutoka mwanzo. Hizo sentimita 6 ni kivuli cha b juu ya a.

Hapa wengi husita, kwa kuwa kivuli kimetua nje ya mshale a wenye urefu wa 5 tu. Hakuna kosa lolote. Kinachopokea kivuli ni mwelekeo wa a, na mwelekeo hauishii kwenye ncha.

Zidisha kivuli kwa urefu wa a: 6 × 5 = 30. Kisha tumia kanuni ya pili: 4 × 6 + 3 × 2 = 24 + 6 = 30. Geuza kazi, uangushe a juu ya mstari wa b. Kivuli kitakuwa karibu 4.7, na urefu wa b ni karibu 6.3, ukizidisha unapata 29.6, na upungufu huo ni wa rula tu. Vivuli viwili vina urefu tofauti kabisa, lakini zao ni lile lile, kwa sababu kila mshale ulipunguzwa kwa kosaini ya pembe ile ile kisha ukazidishwa kwa urefu kamili wa mwenziwe. Ndiyo maana a·b ni sawa na b·a.

Na kwa nini tuzidishe kwa urefu wa a, badala ya kukiacha kivuli kama kilivyo? Kwa sababu mara nyingi mishale yote miwili ina uzito katika jambo. Ukivuta chombo mita 20 badala ya 10 kwa nguvu ile ile, kazi imeongezeka maradufu. Pale unapotaka kivuli peke yake, gawanya zao kwa urefu wa a. 30 gawanya kwa 5, umerudi kwenye 6.

Zungusha mshale uone pembe inavyofanya

Chukua mshale wa sentimita 6 uuzungushe taratibu kutoka kwenye mstari wa a. Katika nyuzi 0 kivuli ni 6 kamili. Nyuzi 30, 5.2. Nyuzi 60, 3. Nyuzi 90, sifuri. Ukiendelea hadi nyuzi 120 kivuli kinaangukia upande wa nyuma, −3, na katika nyuzi 180 ni −6. Chanya maana yake mishale inasaidiana, hasi inapingana, na sifuri haipeani kitu.

Tazama kasi ya kupungua, maana hapa ndipo hisia za watu hukosea. Nyuzi 30 za kwanza zimekula asilimia 13 tu, ilhali kati ya 60 na 90 imepotea nusu nzima ya urefu. Usukani ukikosea kwa nyuzi 10, unapoteza asilimia 1.5 tu ya mwendo wa mbele. Lakini unasukumwa pembeni kwa asilimia 17 ya mwendo wako, na hilo zao la nukta halikuambii. Linahesabu la mbele tu. Atakayelitumia bila kukumbuka hivyo atafika kwa wakati mahali pasipo pake.

Kwa nini kuzidisha sehemu kunatoa jibu lile lile

Chukua siku ya Kusi, upepo unatoka kusini kabisa nawe unataka kwenda kusini. Upepo ni wa omo, yaani unakupiga mbele ya chombo, hivyo lazima upige bisho, yaani uende mshazari huku na huku. Tuseme chombo kinaweza kwenda nyuzi 60 kutoka kwenye upepo. Mwendo wa kwanza ni mita 1000 kuegemea mashariki. Kosaini ya nyuzi 60 ni nusu, kwa hiyo umesogea kusini mita 500. Unageuza tanga, unakwenda mita 600 kuegemea magharibi, na kusini unaongeza mita 300. Jumla umesogea kusini mita 800.

Sasa pima kwa njia nyingine. Sahau bisho, chora mshale mmoja kutoka ulipoanza hadi ulipo. Mwendo wa kwanza ulikupeleka mashariki mita 866, wa pili ukakurudisha magharibi mita 520. Umebaki mashariki kwa mita 346. Na kusini? Mita 800. Kivuli cha safari nzima ni jumla ya vivuli vya miendo yake. Hilo ni kweli kwa bisho mbili na kwa bisho ishirini, ziwe sawa au zisiwe sawa, na msingi wote wa kanuni ya pili uko hapo.

Mshale wowote waweza kuugawa kuwa miendo miwili: mmoja wa mashariki tupu, mmoja wa kaskazini tupu. Ugawe b hivyo. Mwendo wake wa mashariki una urefu b₁, na kivuli cha a juu ya mashariki ni a₁, kwa hiyo zao lao ni a₁b₁. Mwendo wa kaskazini una urefu b₂, na kivuli cha a juu ya kaskazini ni a₂, zao a₂b₂. Jumlisha. Kanuni ya pili imetoka, bila kosaini kuonekana popote.

Na mbona hatuzidishi a₁ kwa b₂? Kwa sababu ziko nyuzi 90: kwenda mashariki hakukusogezi kaskazini hata hatua moja. Kutokana na hilo kuna sharti ambalo vitabu hulipita haraka. Kanuni ya pili inafanya kazi pale tu mihimili yako inapokutana kwa nyuzi 90 na kutumia kipimo kimoja. Ukipanga mhimili mmoja kufuata ufuo na mwingine kufuata mkondo, nao haukati ufuo kwa nyuzi 90, jibu litakuwa baya na hakuna kitakachokuonya.

Hesabu kamili ya mkondo

Safari ni kilomita 3 mashariki na 4 kaskazini. Mkondo ni kilomita 2 kwa saa mashariki na 1 kaskazini. Fuata hivi:

1. Tafuta urefu wa safari: 3² + 4² = 25, kipeuo chake cha pili ni 5.
2. Gawanya safari kwa urefu wake upate mshale wa urefu 1: (0.6, 0.8). Huu una mwelekeo tu.
3. Zidisha na mkondo: 0.6 × 2 + 0.8 × 1 = 2.0.

Mkondo unakupa kilomita 2 kwa saa. Kasi yake yote ni 2.24, yaani kipeuo cha pili cha 5. Sehemu ya ubavuni inapatikana kwa Pithagorasi: 5 − 4 = 1, kilomita 1 kwa saa inayokusukuma kulia. Chombo kinachokwenda kilomita 6 kwa saa majini kitageuza omo karibu nyuzi 10 kushoto ili kuifuta. Tumeshaona kwamba nyuzi 10 hazili sana: kinabaki na 5.9. Ongeza 2, unapata 7.9, na kilomita 5 zinamalizika kwa dakika 38 hivi.

Maji yakigeuka, mkondo ukawa (−2, −1), zao linakuwa −2.0. Na mkondo wa (1.6, −1.2), wenye kasi ya kilomita 2 kwa saa, unatoa 0.96 − 0.96 = 0. Una nguvu ya kukupeleka kwingine, lakini katika safari hii haukupi wala haukunyimi.

Kamba na punda

Katika fizikia, kazi ni zao la nukta la nguvu na umbali. Kuvuta mashua mchangani mita 10 kwa nguvu ya nyutoni 400, kamba ikiwa imeinuka nyuzi 30, ni kazi ya jouli 3464. Kamba ikiinuka nyuzi 60, zinabaki 2000, na nguvu nyingi inakwenda juu. Hiyo haikupotea bure yote, kwani inapunguza uzito unaokandamiza mchanga. Ila haisogezi mbele.

Sasa punda aliyebeba mawe akipita mbele ya mji, njia tambarare, mwendo ule ule. Mgongo unayasukuma mawe juu, safari ni ya mlalo, pembe ni nyuzi 90, na kazi inayofanywa juu ya mawe kwa msukumo huo ni sifuri. Punda anachoka kweli kweli, kwani misuli hutumia nishati hata kushikilia tu mzigo. Sifuri inahusu nishati iliyohamia kwenye mawe, haihusu jasho la mnyama. Akianza kupanda mlima hesabu inabadilika, maana safari yenyewe sasa ina sehemu ya kwenda juu.

Yanayoharibu majibu

Kosa la kwanza kwa wingi ni pembe. Mishale ipimwe ikiwa imeunganishwa mikia. Ukiunganisha ncha ya mmoja na mkia wa mwingine, ulichopima ni 180 kutoa pembe ya kweli. 60 inakuwa 120 na alama ya jibu inageuka. Sogeza mshale mmoja bila kuuzungusha, ndipo upime.

Kalkuleta nayo iangalie. Kosaini ya 60 ni 0.5. Ikikuonyesha −0.952, iko kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe. Jaribu hivyo kila unapoanza kazi.

Usilinganishe mazao ya mishale yenye urefu tofauti ukadhani lenye nambari kubwa ndilo lililoelekea zaidi. Mshale mrefu ulio nyuzi 60 waweza kulishinda zao la mfupi ulio nyuzi 5. Kama unataka mwelekeo tu, gawanya zao kwa urefu wa yote miwili. Kinachobaki ni kosaini, kati ya −1 na 1. Programu zinazotafuta maandishi yanayofanana hufanya hivyo hivyo, ila mishale yake ina mamia au maelfu ya sehemu badala ya mbili. Unazidisha sehemu kwa sehemu, unajumlisha, hakuna jipya.

Na kama a·b ni sawa na a·c, usiikate a pande zote ukasema b ni c. Mikondo miwili yaweza kukupa kilomita 2 kwa saa mbele, mmoja ukikusukuma kulia na mwingine kushoto.

Sola ya paa

Mfano huu una sehemu tatu: mashariki, kaskazini na juu. Paneli ina mshale unaotoka usoni mwake kwa nyuzi 90, na jua lina mshale unaoelekea kwake. Mwanga wa moja kwa moja unaoingia hufuata zao la mishale hiyo miwili ya urefu 1. Paneli iliyolala kabisa ina mshale (0, 0, 1), hivyo zao linabakia kuwa sehemu ya juu ya mshale wa jua, nayo ni kosaini ya pembe kati ya jua na utosi, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa.

Lamu iko nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri linakuwa karibu nyuzi 26 kaskazini ya utosi, na kosaini yake ni 0.90. Mwishoni mwa Desemba liko nyuzi 21 kusini, 0.93. Paneli iliyolazwa basi inapata adhuhuri asilimia 90 au zaidi ya mwanga wa moja kwa moja mwaka mzima. Ukiinamisha nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi na chumvi, kuelekea kusini, zao la Juni linashuka hadi kosaini ya 36, yaani 0.81, na la Desemba linapanda hadi kosaini ya 11, yaani 0.98. Ukiinamisha kaskazini yanabadilishana: kosaini ya 16 ni 0.96 mwezi Juni, na kosaini ya 31 ni 0.86 mwezi Desemba.