Namna ya Kumwokoa Aliyezidiwa na Heroini

Heroini na dawa nyingine za jamii ya opioidi huua kwa kuzima pumzi. Zikizidi mwilini, sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji hulegea, na mtu anaweza kukosa hewa hali moyo wake ungali unadunda. Kwa hiyo lolote utakalofanya katika dakika za mwanzo lilenge kumrudishia hewa.

Mwite kwa sauti, kisha msugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Aliyelala ataamka, aliyezidiwa hatashtuka. Tazama pia kama mboni za macho zimesinyaa mno, kama midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, na kama anapumua kwa kusuasua au kukoroma kwa sauti ya majimaji kooni. Mkoromo huo ni wa kuogopwa hasa, kwa sababu walio karibu huusikia wakaridhika kwamba mwenzao amepitiwa na usingizi.

Piga simu ya dharura, useme kwamba mtu hazinduki na hapumui vizuri. Mlaze chali, ondoa kilichomo kinywani, inua kidevu, bana pua, kisha mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5 huku ukihakikisha kifua kinainuka. Asipoonyesha dalili yoyote ya uhai, bonyeza kifua pia.

Nalokisoni, dawa inayozuia nguvu ya opioidi mwilini, ikiwapo, mpe bila kungoja: ya puani hupuliziwa katika tundu moja la pua, ya sindano huchomwa kwenye msuli wa paja au wa bega, hata kupitia nguo. Haimdhuru mtu asiye na opioidi mwilini, basi shaka isikuzuie. Asipobadilika baada ya dakika 2 au 3, mpe dozi ya pili, na muda wote huo usiache kumpulizia pumzi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii iwafikie wote wanaoweza kushuhudia tukio la namna hii, nami naona ni haki, kwani mara nyingi anayefika kwanza ni rafiki, si daktari.

Kummwagia maji baridi, kumnywesha maziwa au kumdunga maji ya chumvi hakusaidii, na kunapoteza muda.

Akizinduka anaweza kushikwa na arosto kali, yaani mateso ya mwili uliokatiziwa ghafla dawa ya kulevya, akakasirika na kutaka kujidunga tena. Mweleze kwa upole kwamba nalokisoni hudumu dakika 30 hadi 90 hivi, ilhali opioidi inaweza kudumu zaidi na kumzidi upya. Mlaze ubavu, ukae naye mpaka wahudumu wa afya wafike.

Aliye hatarini zaidi ni yule aliyetoka gerezani, hospitalini au katika matibabu ya uraibu, kwa maana mwili wake umepoteza ustahimilivu na kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumwua. Huyo, pamoja na anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, asijidunge akiwa peke yake.